Uvimbe chini ya chuchu na nguvu za kiume kupotea: ni dawa ya asidi ya tumbo au ni mimi?

#1 Fundi_Katuba
Jambo wote. Hili sijamwambia hata kaka yangu. Nimeliandika na kulifuta mara tatu, leo nalitoa.

Nina miaka 41, fundi umeme, nakaa Katuba hapa Lubumbashi. Gastriti ninayo tangu ujana. Usiku moto unapanda kutoka tumboni hadi kooni, nalala nimekaa. Mwaka jana mwezi wa sita muuzaji wa dawa mmoja alinipa vidonge vya kijani hafifu, vimo ndani ya mfuko mdogo wa nailoni, hakuna boksi, hakuna karatasi. Juu ya mfuko aliandika kwa kalamu "asubuhi 1, jioni 1". Siku ya tatu moto ukazimika. Nikaendelea kununua. Tumbo likichachamaa naongeza kimoja cha mchana.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nikahisi kitu chini ya chuchu ya kushoto, kigumu kama njugu mawe. Nikipanda nguzo, mkanda wa begani ukipita hapo machozi yananitoka. Sasa na upande wa kulia umeanza. La pili ni la chumbani: miezi minne siwezi kitu. Mke wangu hasemi neno, anageukia ukutani tu.

Je, kidonge cha tumbo kinaweza kufanya haya?

#2 Mwana_Kamalondo
Yaya, pole. Lakini tuambie na chupa za jioni ni ngapi? Miaka 41, michopo (nyama ya kuchoma) kila Jumamosi, bia tatu, kazi ya juani. Mwili nao unachoka. Usikimbilie kulaumu kidonge.

#3 Zamu_ya_Usiku
Fundi, pole sana na asante kwa kusema. Mimi ni muuguzi. Kabla watu hawajaanza kubahatisha, nijibu haya: jina la kidonge ni nani? Uvimbe uko katikati kabisa chini ya chuchu, au pembeni? Unateleza ukiusukuma, au umeshika nyama? Kuna maji au damu inayotoka? Una dawa nyingine unazomeza, za presha, za moyo, za ukimwi, za fangasi? Choo kimewahi kuwa cheusi kama lami?

Kwa mwanaume, uvimbe mgumu wa upande mmoja, usiouma, ulioshika ngozi au unaotoa damu, hausubiriwi. Saratani ya titi huwapata wanaume pia, ingawa kwa uchache. Wako unauma na uko pande zote mbili, hilo linanipa nafuu kidogo, lakini mkono wa daktari lazima uguse hapo.

#4 Vidonge_na_Mizani
Mimi mfamasia, naandika kutoka nyuma ya kaunta. Kijani hafifu, ya asidi, mara mbili kwa siku: nitashangaa kama si simetidini. Na kama ni hiyo, swali la #1 lina jibu la zamani sana.

Simetidini iliingia sokoni Uingereza mwaka 1976 kwa jina la Tagamet. Kabla yake watu wengi wenye vidonda vya tumbo waliishia kupasuliwa. Ni dawa iliyookoa watu wengi, sitaki mtu aondoke hapa akiitukana. Ila molekuli yake ina tabia mbili za pembeni. Kwanza, inakaa kwenye kiti cha testosteroni: homoni ya kiume ipo kwenye damu, inafika mlangoni, inakuta kiti kina mtu. Pili, inalegeza vimeng'enya vya ini vinavyovunja estrojeni, kwa hiyo ile estrojeni ndogo ambayo kila mwanaume anayo inabaki mwilini muda mrefu. Homoni ya kiume inazuiwa, ya kike inachelewa kuondoka. Tishu ya titi inaamka.

Kuna utafiti uliotoka 1994 katika jarida la madaktari wa Uingereza, uliangalia wanaume zaidi ya elfu 81. Waliokuwa wanameza simetidini walikuwa na hatari ya kuota matiti mara 7 hivi kuliko wasiomeza. Waliofika miligramu 1,000 kwa siku au zaidi, zaidi ya mara 40. Na kipindi kibaya zaidi kilikuwa kati ya mwezi wa 7 na wa 12 tangu kuanza. Fundi, hesabu mwenyewe: mwezi wa sita hadi wa kwanza.

#5 Mwanafunzi_Kampemba
Docta #4, aksanti, lakini ongeza na hili ili watu wasiogope bure. Mara 7 ya kitu kidogo bado ni kitu kidogo. Wengi wanaimeza wiki nne, wanapona, hawaoni lolote. Shida ni dozi kubwa na miezi mingi.

#6 Papa_Ruashi
Miye nakataa. Nilimeza omeprazoli mwaka mzima, na mambo ya ndani yakalala vilevile. Kwa hiyo si simetidini tu, ni hizi dawa zote za asidi. Asidi ndiyo nguvu ya mwanaume, ukiizima tumboni unaizima na huko chini.

#7 Vidonge_na_Mizani
Papa, kwa heshima, hapo kwenye asidi sikubaliani. Asidi ya tumbo ni ya kuchambua chakula, haina njia ya kwenda huko. Omeprazoli inafunga pampu ya asidi, haigusi kiti cha testosteroni. Katika ule utafiti wa 1994 hawakuona ongezeko kwa waliomeza omeprazoli. Kweli, kwenye karatasi yake matiti kuvimba kumeandikwa kama jambo la nadra sana, kwa hiyo siwezi kukuambia umeota. Lakini mwaka mzima wa omeprazoli una mambo yake mengine: vitamini B12 inashuka, magnesi inashuka, chuma hakiingii vizuri. Mtu aliyepungukiwa damu na B12 anachoka mwili wote, hamu nayo inachoka. Ulipimwa damu?

#8 Papa_Ruashi
Sikupimwa. Nina sukari pia, tangu miaka sita.

#9 Zamu_ya_Usiku
Papa! Hilo ungelisema mwanzo. Sukari inaharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na kule chini ni mishipa midogo mitupu. Kisukari ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za tatizo hilo. Omeprazoli unaionea.

#10 Mama_Bel_Air
Nasoma kimya tangu jana, sasa naandika kwa sababu yangu ni ndugu wa hii.

Mimi mwanamke, mtoto wangu wa mwisho ana miaka 9. Nilikuwa na kichefuchefu na tumbo kujaa, nikapewa domperidoni, kimoja kabla ya kila chakula. Mwezi wa pili niko kanisani, nahisi blauzi imelowa. Nikaenda chooni, nikafungua: maziwa. Maziwa ya kunyonyesha, meupe, pande zote mbili. Na hedhi ilikuwa imeruka. Nilimaliza ibada nimekumbatia Biblia kifuani ili watu wasione. Nyumbani mume wangu akasema nina mimba, mama mkwe akasema nimerogwa, na mimi nilikuwa najua sina mimba.

Daktari mmoja kijana ndiye aliyeuliza: unameza nini? Nikamtolea. Akapima prolaktini, homoni ya maziwa, ikawa juu sana. Nikaacha kile kidonge, wiki chache maziwa yakakauka na hedhi ikarudi. Fundi, je, katika mfuko wako kimo na kidonge kidogo cheupe?

#11 Vidonge_na_Mizani
Mama #10, aksanti sana, hiyo ni ya maana. Domperidoni na metoklopramidi zinafunga dopamini, kemikali ya ubongo, na dopamini ndiyo breki ya prolaktini. Breki ikitoka, prolaktini inapanda: mwanamke anatoa maziwa na kukosa hedhi, mwanaume anapoteza hamu na matiti yanaweza kuvimba. Na kwetu watu wanapewa ya asidi na ya kichefuchefu pamoja, wakati mwingine ndani ya kidonge kimoja, halafu wote wanasema "ile dawa ya tumbo".

#12 Mwana_Kamalondo
Kwa hiyo sasa si simetidini, ni domperidoni? Tuchague moja, wakubwa.

#13 Kijana_wa_Luwowoshi
Mimi nitasema ambalo hakuna anayelisema. Tunapumua nini? Tunakunywa nini? Vumbi la madini, malori ya shaba na kobalti usiku kucha kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kuna utafiti uliotoka 2009: watafiti walipima mkojo wa watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi, wakakuta kobalti nyingi mno. Watu wanaota uvimbe, mnatafuta kidonge.

#14 Mwanafunzi_Kampemba
Vumbi ni kweli na utafiti ule ni wa kweli, na hasira yako ni ya haki. Lakini fundi hakuhama nyumba mwezi wa sita mwaka jana. Alianza kidonge mwezi wa sita.

#15 Kijana_wa_Luwowoshi
Sumu inajaa polepole. Kidonge kinaweza kuwa tone la mwisho kwenye ndoo. Sijasema zaidi ya hapo.

#16 Mwana_Maombi
Ndugu zangu, kuna mambo ya kiroho. Mwanaume anafungwa. Waulize wazee. Aombewe kwanza.

#17 Zamu_ya_Usiku
Aombewe, sikatai, na mimi naomba kila asubuhi. Lakini aende na mfuko wa vidonge mkononi. Nimepokea wodini mtu aliyeombewa wiki tatu huku anatapika damu ya kidonda.

#18 Jina_Nimeficha
Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu tu. Mimi natumia dawa za ukimwi tangu 2012. Mwaka wa tatu titi la kulia liliota, nikawa navaa koti hata wakati wa joto la mwezi wa kumi. Kumbe ni efavirenzi. Walipobadilisha matibabu likapungua, lakini halikuisha kabisa, kwa sababu nilinyamaza karibu miaka miwili. Fundi, umesema mapema. Mimi sikusema.

#19 Vidonge_na_Mizani
Ndugu #18, heshima kwako. Ulichosema kuhusu muda ni sahihi: uvimbe mchanga huwa unarudi nyuma sababu ikiondoka, ukipita mwaka mmoja hivi tishu inakuwa kovu gumu na mara nyingi ni kisu tu kinachouondoa. Kwa walio na presha au maji tumboni: spironolaktoni nayo inafanya hivi hivi. Ketokonazoli ya kumeza, ile ya fangasi, pia. Na ini lililoharibika kwa homa ya ini au kwa lutuku (pombe kali ya kienyeji) linafanya hivyo bila kidonge chochote, maana estrojeni haivunjwi.

#20 Mwana_Kamalondo
Njo vile nilisema kuhusu chupa! Mlinicheka.

#21 Mama_Bel_Air
Hakuna aliyekucheka, muloko. Ulisema bia tatu, docta anasema lutuku ya miaka. Usijipe ushindi.

#22 Fundi_Katuba
Nimerudi. Nimesoma yote, mengine nimeyasoma mara mbili. Aksanti kwa kila mtu, na kwa #18 zaidi.

Nilienda dukani, nikamwomba yule muuzaji anionyeshe boksi lenyewe. Hakupenda, lakini alilitoa chini ya meza. Simetidini, miligramu 400. Kwa hiyo nikimeza viwili ni 800, na siku za vitatu ni 1,200. Siku za vitatu zilikuwa nyingi kuliko za viwili tangu mwezi wa kumi na moja.

Mama #10: ndiyo. Tangu mwezi wa pili aliniongezea kidogo cheupe "cha kusukuma chakula". Domperidoni, miligramu 10. Sikuwa nimehesabu hicho kama dawa.

Uvimbe uko katikati, unateleza, hakuna damu. Choo si cheusi. Vya presha simezi. Ila mgongo ukiuma kwa ajili ya nguzo nameza ibuprofeni, karibu kila siku ya kazi.

#23 Zamu_ya_Usiku
Kila siku ya kazi?! Fundi wangu, hiyo ibuprofeni ndiyo inayochoma ukuta wa tumbo! Unawasha moto asubuhi kwa kidonge kimoja na kuuzima jioni kwa kingine. Pilipili ya malewa (vibanda vya chakula) watu wanaitukana bure: vidonda vingi vya tumbo vinatoka kwa dawa za maumivu za aina hiyo, au kwa kile kibakteria.

#24 Mwanafunzi_Kampemba
Helikobakta pilori. Barry Marshall alikunywa hivyo vibakteria mwenyewe mwaka 1984 ili aonyeshe vinaleta gastriti, baadaye yeye na Robin Warren wakapata Nobeli.

#25 Papa_Ruashi
Nobeli ya vidonda alipata yule wa Tagamet, si hao.

#26 Vidonge_na_Mizani
Wote wamepata, Papa. James Black, ambaye kazi yake ndiyo iliyozaa simetidini, alipata 1988 pamoja na wenzake wawili. Marshall na Warren 2005. Na tukio la 1984 ni kweli.

Fundi, kwa upande wangu: 1,200 kwa siku, mwezi wa saba. Najua mahali pa kuweka lawama. Mwaka 1983 Wamarekani waliandika kuhusu wanaume 22 wenye ugonjwa wa asidi kupita kiasi waliopewa simetidini kwa dozi kubwa. Nusu yao walipata matiti au walipoteza nguvu. Walipobadilishiwa ranitidini, yakaisha.

#27 Mama_Bel_Air
Docta, na mimi nakataa kwa heshima. Uvimbe mwezi wa kwanza, sawa, mpe simetidini. Lakini kidonge cheupe kilianza mwezi wa pili. Fundi, nguvu zilipotea lini hasa?

#28 Fundi_Katuba
Mwezi wa pili mwishoni. Nakumbuka kwa sababu ilikuwa baada ya msiba wa shangazi.

#29 Mama_Bel_Air
Basi. Kidonge kimoja kwa kifua, kingine kwa chumbani.

#30 Mwanafunzi_Kampemba
Au msiba. Au uvimbe wenyewe: mwanaume akigundua titi linaota, akili yake inalala wapi? Hofu peke yake inatosha.

#31 Mwana_Kamalondo
Abadilishe tu aende ranitidini kama wale 22. Jirani yangu anayo kabati zima.

#32 Vidonge_na_Mizani
Hapana! Ranitidini iliondolewa sokoni Marekani mwezi wa nne 2020, na Ulaya ikasimamishwa mwaka huohuo, kwa sababu ya uchafu unaoitwa NDMA unaoweza kuleta saratani na unaoongezeka dawa ikikaa kwenye joto. Mwambie jirani asiuze lile kabati. Famotidini ni ya familia hiyohiyo, haina shida hiyo wala haikalii kiti cha testosteroni.

Lakini asijibadilishie mwenyewe. Fundi, mwone daktari wiki hii. Ibuprofeni uisimamishe leo. Domperidoni vilevile. Simetidini daktari akubadilishie. Ukiacha dawa za asidi ghafla, tumbo linaweza kurudi kwa kisasi siku kadhaa, usidhani umepasuka kidonda. Kipimo cha kibakteria, cha choo au cha pumzi, kisifanywe ukiwa kwenye omeprazoli: mapumziko ya wiki mbili kwanza, na wiki nne baada ya antibiotiki, ama sivyo kinadanganya. Na ukipewa metronidazoli, moja ya antibiotiki, hakuna bia hata moja.

#33 Mwana_Kamalondo
Hata moja?

#34 Zamu_ya_Usiku
Hata munkoyo (kinywaji cha mahindi) uliokaa siku nyingi.

#35 Fundi_Katuba
Wiki sita baadaye. Niliahidi kurudi.

Daktari aligusa, akafanya ekografi (ultrasaundi): tishu ya titi tu, hakuna kibaya. Alinibadilishia dawa ya asidi, mgongo akanipa parasetamoli na mazoezi. Kipimo cha choo kilikuta kibakteria, nimemaliza antibiotiki za siku 14. Upande wa kulia umeisha. Wa kushoto njugu bado ipo, ndogo, lakini mkanda ukipita sioni machozi tena.

Chumbani: mara mbili imewezekana. Mara nyingine hapana.

Na kuna jipya. Kipimo cha sukari asubuhi kabla ya kula: gramu 1.31 kwa lita. Nikaambiwa nirudie.

#36 Papa_Ruashi
Mdogo wangu, karibu upande wetu. 1.26 ndiyo mpaka. Ikirudia juu, ni sukari, na hata ile ya chumbani ilikuwa sukari tangu mwanzo.

#37 Vidonge_na_Mizani
Papa, sukari haioteshi titi wala haiondoi titi la kulia kwa wiki sita. Kilichoondoka ni dawa.

#38 Mama_Bel_Air
Dawa ipi, docta? Ziliondoka zote mbili siku moja.

#39 Kijana_wa_Luwowoshi
Na vumbi limeshuka wiki hizo hizo sita.

#40 Fundi_Katuba
Siwezi kuwaamua. Nitasema la nyumbani tu. Juzi usiku umeme ulikatika, nikampa mke wangu simu asome uzi huu wote, kuanzia #1. Alisoma kwa muda mrefu, mwanga wa simu usoni. Alipofika kwenye ukuta alisimama. Akasema alikuwa anadhani nina mwanamke Kasumbalesa, kwa ajili ya zile kazi za kulala huko. Miezi minne alikuwa na hilo moyoni.

Halafu akaamka, akachukua mkoba wake, akatoa mfuko wa nailoni kama wangu, mwandiko uleule wa kalamu. Tumbo lake pia linamsumbua, hakutaka kuniongezea mzigo. Ndani kuna vya njano na vyeupe. Docta, nikuwekee picha?

#41 Vidonge_na_Mizani
Weka. Pande zote mbili za kidonge, herufi zionekane. Na umwulize kama ana mimba au ananyonyesha kabla hajameza kingine.